Diwani Alipojikwaa

Mfukuza wageni asijikwae. Mnacheka, wajukuu, kisha mnauliza imetoka wapi? Mmefika penyewe: hakuna methali ya kata hii ambayo bibi yenu hajui ilikozaliwa. Zile nisizozijua huzizalisha mwenyewe, lakini hii naijua kweli. Methali hii ilianza hivi.

Diwani Rwegasira alikuwa na binti mmoja, Kemilembe, na neno moja: watu waliovuka mto wakikimbia vita warudishwe kwao. Kemilembe naye alipita nyumba kwa nyumba akiwatetea. Mezani ikawa hata chumvi hawapitishiani. Mwishowe baba akamwambia, "Leo mkutanoni ukisimama upande wao, usirudi kwangu." Kemilembe akaenda na nguo zake kwenye furushi.

Sasa, watu wa ng'ambo wana desturi. Mtu akijikwaa hutaja kilima cha ukoo wake, na walio wa kilima hicho sharti waitike, asije akaanguka peke yake. Hawafundishwi, huinyonya na maziwa.

Diwani akapanda jukwaani. "Mimi," akanguruma, "babu wa babu yangu alizaliwa hapa hapa! Hawa wageni..." Akatupa hatua ya madaha, kidole kikakutana na ubao uliochomoza.

"Ee Nyakabira!"

"Tupo!" wakaitika wageni kule nyuma, wakubwa kwa wadogo.

Uwanja mzima ukageuka kuwatazama. Kemilembe akamkumbuka marehemu bibi yake, mama wa diwani, alivyokuwa akilia hivyo hivyo kila akijigonga jikoni. Kumbe alikuwa akiita, na miaka yote hakuna aliyemwitika.

"Tupo, baba," akasema polepole.

Mwenyekiti akauliza nani anataka wageni waondoke. Hakuna mkono ulioinuka. Hata wa diwani ulikuwa umeshika kidole.

Bikizee mmoja wa ng'ambo akasogea jukwaani. "Pole, mwanangu. Wewe wa Nyakabira ya wapi?"

"Nilikuwa nawapima tu!" diwani akafoka. "Kilima chenyewe sikijui."

"Haya. Maana kwa pua hiyo nilidhani wewe ni wa kule bondeni, kwa wezi wa mbuzi."

"Bondeni! Sisi ni wa juu kabisa, penye mawe mekund..."

Akaziba mdomo, amechelewa. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Kemilembe akampa bega ashuke.

"Twende nyumbani, baba," akamwambia. "Mfukuza wageni asijikwae."