Majirani wa Pimbi

Nyie wawili, mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Haya, msije mkaniuliza katikati.

Alikuwapo Pimbi, mfupi, usingizi wake mwepesi. Kijiji cha wanyama kilimchosha: huyu kaja kuazima chumvi, yule kaja na umbeya. Akamwambia mkewe wahame. Wakaenda, wakaenda, wakaenda, mpaka njia yenyewe ikachoka, ikaishia hapo. Palikuwa na milima mitatu, ukungu, mawe yenye joto, na chemchemi moja: chururu, chururu. Wakajenga, wakazaa, wakasahau leo ni siku gani.

Kila asubuhi Pimbi alisimama jiweni akaita, "Hodi!" Nayo milima ikaita: hodi, hodi, hodi. Pimbi akaridhika, akarudi kuota jua.

Kiangazi kikaja. Na Fisi naye akaja, ulimi nje. Akasema chemchemi ni yake kuanzia sasa, na atakayesogea atakuwa kitoweo. Nani wa kumzuia? Jirani hakuna. Mke wa Pimbi akawakumbatia watoto akalia. Maji mengine yalikuwa mwendo wa siku nne, na watoto wale wasingefika.

Pimbi alitetemeka mpaka masharubu, ila akasema kwa adabu, "Sawa, mzee wangu. Lakini huku tuna utaratibu. Panda jiwe lile utangaze. Majirani wakinyamaza, ni pako."

"Majirani gani?"

"Wapo. Wapole tu, wasipochokozwa."

Fisi akacheka, akapanda, akavuta pumzi. "Pangu!"

Pangu, pangu, pangu.

Fisi akashtuka. Kumbe wako watatu! "Nyie ni nani?"

Ni nani, ni nani, ni nani.

"Nitakula!"

Nitakula, nitakula, nitakula. Tena kwa njaa ileile, anayoijua mwenyewe.

Fisi hakuaga. Puruuu! Mpaka leo hajageuka nyuma.

Kesho yake Pimbi alichelewa kuamka, maana hofu inachosha jamani. Watoto wamelala, chemchemi chururu, chururu. Kabla hajafungua mdomo, akasikia kutoka kule kwenye ukungu:

"Hodi?"

Pimbi akapanda jiweni. Moyo wake ukajaa.

"Karibuni," akasema.

Hadithi nimeitua hapa, mwenye nguvu aibebe. Nayo inatufunza hivi: msihamie mbali na watu kama sisi tulivyohamia huku, mtakosa majirani. Mmesikia?

Tumesikia! Tumesikia! Tumesikia!

Ala. Si mko wawili nyie?