Kwa Nini Ua la Chini ya Mwangati Halinukii

Enzi hizo ungeunusa mwangati ungepoteza pumzi bure. Mti huo mrefu wa mlimani, ambao leo kila seremala anausifia, haukuwa na harufu yoyote, na ukiuchoma ulitoa moshi mtupu. Lililonukia ni ua jekundu lililoota kivulini mwake. Nalo lilinukia mpaka kero! Ukiingia msituni, pua yako ilikuwa mali yake, na lenyewe kwa kujua hivyo likavimba kichwa.

Watu wa huko hawakutembea kwa macho siku za ukungu. Macho ya nini, na mkono wako mwenyewe huuoni? Walifuata moshi wa nyumbani kwa pua. Ndiyo maana Mkunde hakuogopa kwenda kutafuta kuni na mwanawe mchanga mgongoni. Lakini siku hiyo ukungu ulimkuta ndani kabisa ya msitu, akanusa huku na kule asipate moshi. Kila upande ni ua tu.

Akazunguka mpaka miguu ikafa ganzi. Mtoto akalia, kisha akanyamaza, na kimya kile kikamtisha Mkunde kuliko baridi. Akapiga magoti mbele ya ua.

"Nakuomba unipishe," alisema. "Mama mkwe amewasha moto, najua. Wewe umeufunika."

"Harufu ndiyo jina langu, mama," ua likajibu. "Nikiiacha, nani atanijua?"

Alimfungua mtoto, akamlaza pale palipokuwa pakavu kidogo, chini ya ua, akaanza kumsugua nyayo. "Amka, baba. Amka twende nyumbani."

Ua likamtazama mtoto. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Likaona haya, na ilistahili lione, maana jina si kitu mbele ya roho ya mtu. Likakusanya harufu yake yote, likaishusha kwenye mizizi ya mwangati, nao ukawagawia ndugu zake wote, hata gogo lililokuwa likiwaka jikoni kwa mama mkwe. Mara moshi ukaja, unanukia. Mkunde akambeba mwanawe akaufuata moja kwa moja. Mtoto alilia kizingitini, na bibi yake akalia naye.

Na tangu siku hiyo mwangati hunukia, uwe mbao au uwe moto, na jioni ya ukungu, kama kuna mtu hajarudi, gogo lake huongezwa jikoni. Ua limebaki na wekundu wake tu. Wageni hulichuma, wakalinusa, wakalitupa. Wanawake wa mlimani hawalichumi. Aliyekutwa na ukungu msituni hulipitia kesho yake, akaliinamia na kuliambia, "Jana tulifika."