Kinyonga na Blanketi la Ubingwa

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa uwanja wa mbao, mviringo kama sinia.

Zamani hizo, baiskeli zilipokuwa bado ngeni, wanyama wa dunia nzima walikutana kushindania ubingwa wa mbio zake. Dubu alitoka kwenye barafu, Kangaruu alivuka bahari. Zawadi ilikuwa blanketi moja la sufu, jekundu, zito.

Fisi alilitaka. Nyumbani alikuwa na mablanketi sita, na yote alijifunika peke yake. Kinyonga naye alilitaka, kwa kuwa masika yalimkuta mama yake mzee, na kila alfajiri alimsikia akitetemeka, tetete, tetete. Alimpenda mama yake mno, sitawaficha.

Fisi akamshinda Dubu, akamshinda Kangaruu, akamshinda Punda Milia. Kinyonga alifikaje fainali? Msiniulize mimi. Nasikia wenzake walichoka kumngoja.

Sasa mjue, katika mchezo ule anayetangulia hupigwa na upepo, na wa nyuma hujikinga mgongoni mwake. Basi hakuna aliyetaka kutangulia. Wakaenda polepole, nyiki, nyiki. Fisi akasimama, Kinyonga akasimama. Fisi akasogea, Kinyonga akasogea. Fisi akasimama tena, Kinyonga akasimama tena. Jicho moja la Kinyonga lilimtazama Fisi, jicho la pili lilikuwa jukwaani kwa mama. Jua likapanda, jua likateremka, na huko nje wachoma nyama wakawasha mkaa.

Fisi akanusa. "Tutasimama hapa mpaka lini?"

"Mimi sina haraka, kaka. Ila nyama sijui kama itatusubiri."

Fisi akachomoka, vuuu! Kinyonga akamganda mgongoni, nyikinyiki, nyikinyiki, wala upepo haukumgusa. Utepe wa mwisho wa mbio ukakaribia. Fisi alikuwa mbele kwa shubiri moja tu. Kinyonga akafumbua kinywa, chwaap! Ulimi ukawahi utepe.

Fisi alilalamika sana, akasema baiskeli haiendeshwi kwa ulimi. Mwamuzi Mbuni akainamisha shingo, akautazama ule ulimi kwa makini.

"Huu ni wa nani?"

"Ni wangu, mzee."

"Hukuuazima?"

"Nilizaliwa nao. Muulize mama."

Mama akaitikia kuwa ni kweli, huku machozi yakimtoka. Basi Mbuni akampa Kinyonga blanketi.

Kinyonga akamfunika mama yake, akajipenyeza naye humo ndani. Kwa uchovu akageuka mwekundu kama sufu yenyewe, mama akapapasa asimwone.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Nipo hapa, mama. Umepata joto?"

"Nimepata, baba. Nimepata."

Hapo ngano yangu inashuka baiskeli. Nanyi watoto, shikeni funzo lake: mtoto mwenye adabu hatoi ulimi mbele za watu.