Sange na Vifuu Vitatu

Hapo zamani za kale, enzi zile ambazo ukungu ulikuwa ukishuka bondeni kuuliza njia na wanyama wakiuelekeza kwa adabu, aliishi Sange. Kama hamumjui, wadogo zangu, ni yule mnyama asiyejaa hata kiganja cha baba yenu, mwenye miguu kama njiti na pua ndefu inayochezacheza, utadhani tembo alipokuwa akigawa urithi alimkatia naye kipande.

Sange alikuwa mfagizi wa njia. Asubuhi, bonde likiwa bado limejifunika blanketi lake jeupe, yeye alikuwa ameshatoka: fya, fya, fya, jani huku, kijiti kule. Aliyepita akaiona njia safi alimdondoshea simbi moja. Na simbi, zile kombe ndogo nyeupe zenye meno, ndizo zilizokuwa fedha ya bonde lile.

Nyanya yake alimfundisha jambo moja tu kabla hajafa: simbi ya kwanza ya siku si yako, ni ya kesho. Basi Sange hakuila simbi ya kwanza hata siku moja. Aliitumbukiza katika kibubu, chungu kidogo cha udongo kisicho na mlango, chenye mwanya mwembamba tu mgongoni. Simbi ikiingia haitoki mpaka chungu kipasuliwe.

Lakini nyumba yake ilikuwa kando ya mto. Masika yaliyopita mto uliamka, ukanyoosha mikono, ukaingia ndani bila kubisha hodi. Ukachukua kitanda. Ukachukua kibubu, miaka mitatu ya asubuhi, kikaenda kinaelea na kulia ndani kwa ndani, ka, ka, ka, mpaka kisisikike tena. Sange mwenyewe alisalimika kwa kung'ang'ania unyasi.

Tangu siku ile alikuwa akiota akiwa macho. Kila akifumba jicho aliiona nyumba juu ya kilima, kavu, ina mlango unaotazama mawio, na ukungu umekaa kizingitini kama paka. Na sasa ndoto ilikuwa na haraka, maana alikuwa amejifungua. Mtoto alimwita Kitone.

Mchimbaji wa nyumba bondeni alikuwa mmoja, Fundi Muhanga, mwenye makucha kama majembe. Bei yake ilikuwa vifuu vinne vya nazi, vimejaa simbi mpaka mdomoni, vyote kwa mkupuo. Mawingu ya masika yakianza kukomaa, Fundi Muhanga alijifukia ardhini, wala hakuna aliyemwona mpaka kiangazi.

Vifuu vinne, kwa mfagizi! Kibubu kipya kilikuwa bado chepesi. Ndiyo maana Sange alikubali kuingia kwenye upatu.

Upatu mnaujua. Mama zenu wanaucheza. Kila siku ya gulio kila mmoja huleta kifuu chake, na vyote hupewa mmoja. Gulio linalofuata mwingine, mpaka zamu zizunguke. Walikuwa wanne. Bwana Kiboko alikuwa mwenyekiti, akapokea wa kwanza kwa hoja kwamba tumbo lake ndilo kubwa. Wa pili akawa Bi Nyati, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia asiwe wa pili. Wa tatu Mjomba Fisi, aliyelia njaa mpaka wakamwonea haya. Sange akawa wa mwisho. Alijibana, akala mchwa wakavu, akaleta kifuu chake kila gulio bila kupunguza hata simbi moja.

Ikafika zamu yake. Akatandika mkeka gulioni, akaweka kifuu chake, akangoja. Jua likapanda, jua likashuka. Kifuu kilikuwa kile kile kimoja.

Akawafuata. Bi Nyati alisema hali ni ngumu na majani yamepanda bei. Mjomba Fisi alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, na katika yote hayo hakutoa kitu. Bwana Kiboko alimpokea vizuri. Alikuwa amejilaza kwenye kina kifupi, macho nusu, na kabla ya kumjibu alikohoa kama mtu anayepanda jukwaani.

"Mwanangu," alisema, "shida yenu ninyi wadogo ni moja. Hamjui kuweka akiba."

Pua ya Sange ilicheza.

"Fedha haitaki pupa," Kiboko aliendelea. "Punguza matumizi. Kwani lazima ule mchwa kila siku? Jifunge mkanda. Panga mambo yako. Mimi unayeniona hivi, nilianza na kidogo."

"Ulianza na vifuu vyetu, bwana mkubwa," Sange alisema taratibu.

"Ndiyo hiyo!" Kiboko alipiga mkia maji, chubwi. "Unaona? Hasira. Mwenye hasira hatajiriki."

Akazama. Mapovu matatu yalipanda juu, yakapasuka.

Sange alirudi nyumbani kwa njia aliyoifagia mwenyewe. Hivi, wadogo zangu, kuna dharau inayopita hii? Mtu aile shibe yako, kisha akufundishe kufunga! Lakini Sange hakupiga kelele. Mto una kelele kuliko wote, na bado unapita chini. Yeye alikaa mlangoni na Kitone kifuani, akatazama wingu la kwanza, dogo, rangi ya majivu, likijinyoosha juu ya kilima pale pale alipozoea kuiona nyumba yake. Akafumba jicho. Nyumba bado ilikuwepo. Na katika kuitazama, akakumbuka jambo.

Akakumbuka kumtoa mtoto nje.

Katika bonde lile, mtoto akimaliza siku zake arobaini za ndani, alitolewa juani kwa ngoma. Kila mgeni wa heshima aliwekewa kifuu chake mbele ya gulio zima. Mwimbaji aliliimba jina lake, naye akatunza, akadondosha simbi kifuuni kadiri sifa zilivyomkolea. Kifuu kikibaki kitupu, mwenyewe alisemwa hadi masika mengine. Na wakubwa hawa, Sange aliwajua. Akiwadai faraghani ni maskini. Wakiitwa hadharani ni wafalme.

Akaenda kwa shoga yake Chiriku, mwimbaji, akamnong'oneza. Chiriku alisikiliza akitengeneza manyoya.

"Na wakigundua, shoga?"

"Watakuwa wameshatoa."

Chiriku akacheka mpaka akakaribia kuanguka tawini.

Siku ya kumtoa mtoto ilikuwa ya ukungu mwembamba wa dhahabu, ile asubuhi ambayo vitu havina kingo, miti inasimama kama fikra na sauti zinafika kabla ya wenyewe. Gulio zima lilikuja nyumbani kwa Sange, kando ya mto. Mbele ya mkeka Sange alipanga vifuu vitatu tu. Pembeni, Fundi Muhanga aliyealikwa mapema alikuwa amesinzia, masikio yameanguka.

Bwana Kiboko aliketi mbele, Bi Nyati kulia, Mjomba Fisi kushoto. Chiriku akapanda kijiti, akaanza, sauti kama maji yanayotafuta mchanga:

*Mgongo wako ni mwamba, jua huja kupumua,*
*mkono wako ni shamba, wenye njaa wachukua,*
*ukitembea hutamba, mto nao hutambua...*

Macho ya Kiboko yakaanza kulegea. Aliyumba huku na huku. Ndani ya ukungu ule hakuwa tena mwenyekiti wa upatu anayekwepa. Alikuwa mwamba, alikuwa shamba, alikuwa jua lenyewe. Jasho lake jekundu likamtoka, lile la furaha. Akapeleka mkono chini ya mkunjo wa shingo, akatoa simbi. Tik. Nyingine. Tik, tik, tik. Gulio likapiga vigelegele.

Bi Nyati akaguna. Akamnong'oneza Fisi kwamba hata mwamba hupasuliwa kwa pembe. Chiriku alilisikia hilo, au alijifanya amelisikia, akaligeuza wimbo ukawa wa pembe, pembe mbili kama mwezi mchanga. Bi Nyati akafumba macho, akajiona amesimama juu ya mawingu yote, akaanza kutoa. Tik, tik, tik, tik. Alitoa zile alizosema hana. Alitoa hata zile alizofungia kwenye tope la kwato.

Mjomba Fisi alijikaza. Alikuwa bahili wa damu. Lakini Chiriku alipomwimba kuwa mwenye kicheko kinachoamsha nyota, naye ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kukisifia kicheko chake, machozi yakamlengalenga.

"Ni kweli huziamsha," alisema kwa sauti ndogo, akaanza kudondosha.

Wimbo uliendelea, mzito na mtamu kama usingizi wa adhuhuri. Sange alikuwa ameketi nyuma ya mkeka na Kitone mapajani, hatazami nyuso, anatazama midomo ya vifuu. Simbi zikapanda. Zikafika ukingo. Zilipojaa sawasawa, akaigusa ardhi kwa mguu, pu, pu, na Chiriku akanyamaza.

Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Ukungu ulipungua. Bwana Kiboko alipepesa macho, mkono wake bado u hewani na simbi moja.

"Mbona umekatiza?" alilalamika. "Nilikuwa sijafika kwenye mkia."

"Zimetosha, bwana mkubwa," alisema Sange.

Akavichukua vifuu vitatu, akaongeza cha nne, kile chake cha mkekani, akavisukuma mpaka puani pa Fundi Muhanga. Fundi alifumbua jicho moja, akavitazama, akavipima kwa ukucha, akalitazama wingu. Akasema kilima kina udongo mzuri, na mvua itamkuta ameshamaliza. Akaondoka na malipo yake, akiburuta mkia.

Kiboko alianza kuelewa polepole, kama maji yanavyopanda.

"Hizo ni zawadi za mtoto," alisema. "Umezipeleka wapi?"

Sange akasimama. Hata alivyosimama, hakufika goti la yeyote. Lakini gulio lilikuwa limenyamaza, na sauti yake ilisikika yote.

"Mwenyekiti, nisaidie kuelewa, maana sisi wadogo hatujui mambo ya fedha. Kama hizi ni zawadi, basi upatu wangu bado mnadaiwa, ninyi watatu, kifuu kifuu. Semeni hapa mbele ya watu mtalipa lini. Na kama ni upatu, basi tumemalizana, sidai. Ni kipi?"

Gulio zima likageuka kumtazama Kiboko. Mbuzi mmoja nyuma akauliza kwani Sange bado alikuwa anawadai. Mwingine akasema kumbe.

Kiboko alimtazama Nyati. Nyati alitazama kwato zake. Fisi alitaka kucheka, kicheko kikamkwama.

"Ni upatu," alisema Kiboko, kwa sauti ya kutoka mchangani.

"Nashukuru. Mliniambia hamna, nami niliwaamini. Kumbe mlikuwa nazo."

Hakusema zaidi ya hapo. Neno lile, mlikuwa nazo, likapita gulioni toka sikio hadi sikio, na kila lilipopita wakubwa walizidi kupungua.

"Ulitufanyia hila," Bi Nyati alinguruma.

"Niliwawekea vifuu, mama. Mikono ilikuwa yenu."

Hapo Chiriku akakohoa juu ya kijiti. Alisema yeye hajui sheria, ila kama zile zilikuwa upatu, basi mtoto hajatunzwa hata simbi moja na wageni wa heshima, na hilo katika bonde lile halijawahi kutokea, na wimbo wake unaofuata utakuwa juu ya habari hiyo.

Wakajipapasa. Nyati hakubakiwa na hata moja. Kiboko, ile simbi moja iliyobaki hewani ilikuwa imemponyoka mtoni kwa mshtuko. Kisha Mjomba Fisi, akitazama pembeni, akafungua kinywa, akainua ulimi, akatoa simbi moja, ya akiba, aliyoificha hata njaa isiione. Akaipangusa kwenye manyoya, akaiweka katika kiganja kidogo cha Kitone.

"Kwa ajili ya nyota," alisema. "Lakini usimwambie mtu."

Gulio zima lilikuwa linamtazama.

Sange alimnyanyua Kitone mpaka kwenye mgongo wa kibubu, akamwonyesha mwanya. Simbi ile ilikuwa ya kwanza ya maisha ya mtoto, nayo haikuliwa. Tik. Ikaangukia zile nyingine chache, ikalala.

Masika yalikuja kama yalivyo, kwa vishindo. Mto uliamka, ukanyoosha mikono, ukaitafuta nyumba ya Sange mahali ilipozoea kuwa, ukapapasa, ukakuta tope tupu. Kule kilimani, ndani ya nyumba kavu inayonukia udongo mpya, Sange alikuwa amelala, na kwa mara ya kwanza hakuota kitu, maana ndoto yote ilikuwa nje ya macho yake. Ukungu ulipanda mpaka kizingitini, ukakunja mikia yake, ukaketi.

Nami nimewaacha hapo hapo mlangoni. Anayetaka kuingia apanguse miguu.

Kabla hujamfundisha mwenzako kuweka akiba, mrudishie kwanza ile uliyomlia.