Bwana Nyati Katika Shimo la Wanga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakianika nguo kambani, Bi Digidigi alifundisha watoto wa swala na ngiri katika uwanja mdogo wenye shimo pana katikati. Siku moja alilijaza wanga wa muhogo, ule unaotiwa kwenye kanga zikakakamaa, akaukoroga kwa maji kidogo.

"Haya, pigeni!"

Wakapiga kwa kwato. Ko! Ko! Mgumu kama jiwe.

"Sasa wekeni mguu taratibu."

Chubwi! Mguu ukazama. Watoto wakaangua kicheko.

"Mmeona? Ukiushtua unajikaza, ukiubembeleza unalegea."

Mara, puu! puu! puu! Bwana Nyati huyo.

"Wee bibi, kuanzia leo uwanja huu ni wangu. Ondoa watoto wako!"

Bi Digidigi akawatazama watoto. Hakuwa na mahali pengine pa kufundishia. Hata hivyo akatabasamu.

"Sawa, bwana. Ila desturi waijua: anayedai uwanja husimama katikati, akawataja babu zake saba. Nianze mimi?"

Akarukia juu ya wanga, tipu-tipu-tipu, hakutulia hata kidogo, akawataja babu zake mbiombio, akatoka mkavu.

"Ebo! Kurukaruka kama bisi ndiyo nini?" Nyati akacheka. Akapiga ukwato. Ko! "Kumbe mwamba mtupu!"

Akaingia kwa kishindo, akasimama katikati, akatanua kifua.

"Mimi ni Nyati, mwana wa Pembenene, mwana wa Vunjamiti, mwana wa... mwana wa... He! Mbona nafupika?"

Wanga ulikuwa umemfika tumboni. Akajivuta kwa nguvu zote, ukambana. Akajivuta tena, ukambana zaidi.

"Bibi, nakufa!"

"Hufi, bwana. Uwanja wa nani?"

"Wako! Wako na watoto!"

Bi Digidigi alipoyaona machozi yake, akamhurumia. "Basi tulia. Toa mguu mmoja mmoja, polepole, kama unayemlaza mtoto asiamke."

Nyati akatii. Akatoka, mweupe hadi tumboni, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, puu! puu! puu! Bi Digidigi akashtuka. Nyati akapita nyuma ya watoto wote, akaketi, akainamisha pembe.

"Shikamoo, mwalimu. Jana sikulielewa somo vizuri."

Nanyi wanangu, shikeni hili: si kila kinachotubana huachia kwa nguvu.