Ngiri na Chemchemi ya Bondeni

Ngano hii aliitoa kwanza Bibi Namkunda wa Usangi, mwaka 1961, watu wakipukuchua mahindi. Inasemwa hapa kama alivyoisema.

"Nianze, nisianze?"

"Anza, masikio tunayo."

Hapo kale, kale sana, bonde la wanyama lilibaki na chemchemi moja tu, nayo imezibwa na mawe. Akaja Ngiri kutoka ng'ambo ya milima, fundi wa kuchimba. Mfalme wa bonde, Pofu mwenye pembe ndefu, akapatana naye: Ngiri azibue chemchemi, wenyeji wanywe kwanza, maji yatakayosalia auze apendako. Wakigombana, waamuliwe katika nchi ya tatu na waamuzi watatu. Kila upande uchague mmoja, na hao wawili wamchague wa tatu.

Ngiri akachimba, maji yakatoka. Kisha akaizungushia chemchemi miiba, wenyeji wakanywa tope. Pofu akaing'oa miiba, akamfukuza. Ngiri akashitaki kwenye baraza la nchi ya tatu.

Ndege Hondohondo, tarishi wa baraza, akaleta barua ya kwanza ya kumtaka Pofu achague mwamuzi. Pofu akacheka, akauliza nani wa kumwita mfalme. Ikaja ya pili, akaikalia. Ilipokuja ya tatu, Digidigi, mama wa watoto wawili na mtunza mapatano ya bonde, alishindwa kunyamaza.

"Baba mfalme, usipochagua mwamuzi, watakuchagulia. Tukishindwa, chemchemi ni yake, na wanangu watahama."

Pofu akajikuna. "Basi nenda wewe, mama. Mimi hasira zitaniharibia."

Ngiri alimchagua rafiki yake Fisi. Digidigi alimchagua Korongo. Hao wawili wakabishana siku tatu, wakakubaliana juu ya Kobe, asiye na jamaa bondeni wala ng'ambo.

Barazani Digidigi alisimama upande wa bonde. Ngiri akalilia hasara yake. Kobe akamuuliza angeuza mitungi mingapi kwa siku. Akasema ishirini. Fisi akamkonyeza, Ngiri akasema arobaini. Fisi akamkonyeza tena, Ngiri akasema sitini.

Kobe akageuka polepole. "Mama, chemchemi yenu hutoa mitungi mingapi kwa siku?"

"Sitini, mzee. Haijawahi kuzidi."

"Sasa, bwana Ngiri, wenyeji wangekunywa nini?"

Fisi akatazama mawingu.

Kobe akaamua kwamba Ngiri ndiye aliyevunja mapatano, na chemchemi ni ya wenyeji. Lakini Pofu naye alikosea kumfukuza mtu bila kumwita kwanza, basi ampe Ngiri viazi vikuu vya msimu mmoja kwa jasho la kuchimba. Korongo akaafiki. Fisi akakataa peke yake, wawili wakamshinda mmoja.

Digidigi alirudi mbio. Watoto wake walikuwa wamekwisha kunywa kabla hajamaliza kuwasimulia.

Funzo ni hili: ukipatana na mgeni, tunza neno lenu, na ukiitwa barazani, nenda. Mwenye tamaa mpe nafasi aseme, atajishitaki mwenyewe.

Naitua ngano hapa, anayeitaka aibebe. Bibi Namkunda hayupo tena. Pofu alikufa, Ngiri, Fisi na Korongo pia, na Digidigi akafuata. Kobe yu hai.