Damu ya Mzee

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kikohozi kaa upande huu, moshi hauji huku. Ya leo si hadithi ya sungura. Anayetaka sungura aende kwa shangazi yake.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisalimiana njiani na kujibizana, palikuwa na mdarizi aitwaye Mwanamize. Aliishi pembezoni mwa msitu na baba yake, Mzee Pazi. Ujanani mwake Mzee Pazi alikuwa mwindaji, lakini sasa macho yalikuwa yamekwisha, haoni hata kiganja chake. Kutwa alikaa uani akiota jua, akimsikiliza binti yake akivuta uzi.

Siku moja Jumbe wa nchi ile, aliyekuwa akioza binti, akamwita Mwanamize. Akamtupia kitambaa cheupe na uzi mweupe.

"Nataka foronya ya bibi arusi," akasema. "Na juu yake nataka paa. Paa wa msituni, tena paa hasa. Kesho jua likitua, mto uwe kitandani."

"Jumbe, kesho ni karibu mno."

"Paa asipokamilika nitamchukua baba yako. Akalinde shamba langu la mpunga, afukuze nguruwe."

Mnajua nguruwe wa shambani humfanyaje mtu asiyeona? Mnajua. Msinitolee macho.

Mwanamize akarudi nyumbani, akamweleza baba yake. Mzee Pazi akasema, "Mwanangu, paa namjua. Nimewaua wengi, na kila mmoja nilimtazama kabla ya kumchinja. Shika sindano nikwambie."

Akamwambia. Ubavuni shona mishono mifupi, mmoja ulalie mwenzake, maana ndivyo manyoya yanavyolala. Miguuni pitisha mnyororo mwembamba, paa miguu yake ni ya kuvunjika. Jichoni usishone kitu, piga fundo moja, ulikaze, litang'aa lenyewe.

"Na rangi, baba?"

"Mgongoni maji ya kunde. Tumboni majivu. Na pembeni mwa jicho, pale machozi yanapoanzia, weka damu ya mzee. Kidogo tu. Ukiikosa hiyo, huyo si paa, ni mbuzi."

Hizo ni rangi za nyuzi, hata ninyi mama zenu wanazitaja. Damu ya mzee ni ule wekundu uliokolea mpaka ukakaribia weusi. Lakini kapuni mwa Mwanamize hamkuwa na hata moja. Gulio lilikuwa ng'ambo ya mto, majirani wote walikuwa kwa Jumbe wakipeta mchele wa harusi, na yeye hakuweza kuiweka sindano chini. Amtume nani?

Fisi alikuwa akipita nyuma ya ua.

"Nitume mimi," akasema Fisi. "Kila mtu ananiita mwizi, ananiita mjinga, ananiita mla mizoga. Nitume, nami nitaleta unachosema, neno kwa neno."

"Haya, Fisi. Nenda kaniletee maji ya kunde."

Sikilizeni hapo. Hakusema uzi. Wadarizi hawataji uzi. Kwao kila kitu ni uzi, sasa wautaje wa nini?

"Bibi, maji ya kunde ndiyo nini?"

"Maji ya kunde ni maji ya kunde. Nenda!"

Fisi akaenda, akichechemea, akaenda, akaenda, akaenda. Akarudi na chungu kichwani. Mwanamize akachungulia ndani, akaona maji meusimeusi yaliyochemshiwa kunde jikoni kwa Jumbe, na punje zikielea juu.

Mwanamize akacheka, akacheka, akacheka, mpaka sindano ikamchoma. "Baba! Nimemtuma maji ya kunde, kaleta maji ya kunde!" Kisha akaona jua halimngoji. Akauchovya uzi mweupe chunguni, akauanika, ukatoka rangi ileile aliyoitaka. Akaushona mgongo wa paa.

"Mwambie," sauti ya Mzee Pazi ikatoka uani. "Mwambie ulitaka uzi. Kuuliza si ujinga, na aliyekuuliza mjibu."

"Niache nicheke, baba. Tangu asubuhi roho yangu iko juu."

Akamgeukia Fisi. "Sasa nenda kaniletee majivu."

"Bibi, majivu ndiyo nini?"

"Majivu ni majivu. Nenda!"

Fisi akaenda, akichechemea, akaenda, akaenda, akaenda. Akarudi na kapu la majivu ya mekoni, mwenyewe amekuwa mweupe kuanzia masikio hadi mkia, anapiga chafya kila hatua.

Mwanamize akacheka, akacheka, akacheka, mpaka akajishika mbavu. Halafu akaulowesha uzi, akaufikicha majivuni, ukashika. Akalishona tumbo la paa.

"Mwambie, mwanangu," akasema Mzee Pazi. "Mtu anayekutumikia usimfanye mchezo."

"Nitamwambia kesho, foronya ikishatoka mkononi."

Mnacheka na ninyi? Chekeni tu, siwazuii.

Siku ya pili yake, jua likiwa utosini, paa alikuwa amesimama juu ya kitambaa. Manyoya yamelala, miguu inataka kukimbia, fundo la jicho linang'aa. Ilibaki ile pembe ya jicho tu.

"Fisi, nenda kaniletee damu ya mzee."

Fisi hakuondoka. Akamtazama.

"Bibi, umesema damu ya mzee?"

"Damu ya mzee."

"Ya mzee gani?"

Mwanamize akaanza kucheka kabla ya wakati. Alijua kwa Jumbe wanachinja, akajisemea moyoni: huyu ataniletea damu ya beberu mzee, tutacheka, na uzi utapata rangi. "Mzee ni mzee, Fisi. Ila isiwe ya kijana! Ukiniletea ya kijana nakurudisha."

"Niitafute mbali, bibi, au karibu?"

"Karibu, karibu! Huoni jua linapinduka?"

Mbona mmenyamaza?

Fisi akaenda, akichechemea. Safari hii hakwenda, akaenda, akaenda. Alizunguka nyumba tu.

Mwanamize alikuwa ameinamia kitambaa, anafumua mshono mmoja uliokaa vibaya mguuni. Akasikia kitu kikianguka uani, akadhani ni kinu. Hakuinua kichwa. Alikuwa akimshonea baba yake uhai, na mtu aliye katika kazi kama hiyo hainui kichwa hovyo.

Fisi akaja na kibuyu, akakiweka miguuni pake.

"Umewahi leo," akasema Mwanamize, macho yakiwa kwenye mshono. Akauchovya uzi kibuyuni, akauvuta. Ukatoka wa moto. "Hii mbona nyekundu hivi? Damu ya mzee haiwi nyekundu hivi."

"Ngoja ikauke, bibi," akasema Fisi. "Itakolea."

Hapo ndipo Mwanamize alipoinua kichwa, akaona mdomo wa Fisi.

"Baba!" akaita. Kimya.

"Baba!" Kimya.

"Baba!"

Akakimbia uani. Sitawaeleza alichokiona, kuna watoto hapa. Alimlaza kichwa chake mapajani, akamfuta uso kwa upande wa kanga, akamwomba radhi, akamwomba radhi, akamwomba radhi. Na radhi ya maiti, wanangu, haiitikiwi. Ataiomba mpaka na yeye azikwe.

Fisi akaja akasimama karibu. Hakukimbia, akimbie nini? Alikuwa ametumwa.

"Bibi," akasema, "ya kwanza ulicheka, ukachovya. Ya pili ulicheka, ukachovya. Hii ya tatu mbona hucheki?"

Mwanamize hakumjibu.

"Nimekosea? Si ulisema ya mzee? Si ulisema ya karibu?"

Mwanamize hakumjibu.

Fisi akafikiri. Akaona labda mwenzake amesahau namna ya kuanza, akamhurumia. "Basi ngoja nikuanzishie," akasema. Na kabla ya siku ile Fisi alikuwa hajapata kucheka maishani mwake. Akafungua kinywa, akacheka kama alivyomsikia Mwanamize akicheka, akacheka, akacheka. Akaingia nacho msituni kicheko hicho, na hajakiacha mpaka leo. Mkimsikia huko nje msiseme ana furaha. Anamwanzishia mtu.

Jua likatua. Watu wa Jumbe wakabisha hodi, wanaume wanne wenye vilemba vya harusi. Wakamkuta Mwanamize amekaa barazani, mikono imelala, foronya iko kando yake. Mkubwa wao akaiokota, akamgeuza paa huku na huku, akaona pembe ya jicho ni nyeupe.

"Hajakamilika," akasema.

"Hajakamilika," akajibu Mwanamize.

"Basi Jumbe ametuagiza tumchukue mzee."

"Mchukueni. Yuko uani. Mmekuja wanne, na jeneza hubebwa na wanne."

Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu wake gawaneni ninyi, uchungu wake niachieni mimi.